John Cena: kwa nini alikubali kushindwa?

Wasikilizaji wetu bado wanatuuliza: ilikuwaje John Cena, mtu aliyejulikana kwa kutokata tamaa, akasalimu amri mbele ya Gunther katika pambano lake la mwisho, Desemba 13, 2025, mjini Washington?

Tuseme ukweli, hata kama wapo watakaotukasirikia: mshindi wa mieleka ya WWE hupangwa mapema. Kampuni yenyewe ilikiri hivyo huko New Jersey mwaka 1989, ili isisimamiwe kama ndondi. Tena ni desturi yao anayestaafu kushindwa, ili jina lake limjenge anayebaki. Cena, bingwa wa dunia mara 17, aliingia mwaka 2002 kwa kushindwa na Kurt Angle, akatoka vilevile.

Lakini majeraha ni ya kweli. Mwaka 2007 msuli wa kifua cha Cena ulichanika. Mwaka 2015 goti la Seth Rollins lilimvunja pua. Na hao ni watu waliofundishwa miaka mingi namna ya kuanguka, kwenye ulingo unaonesa. Watoto wetu wakitoka kwenye kibanda cha video huinuana mabegani na kubwagana kwenye udongo mkavu, wakiamini Cena alifanya hivyohivyo.