SHABAHA SI YA ASKARI PEKE YAO

Vijana wetu wa Jadida wametuuliza swali ambalo baadhi ya wazee wa tawi wamelisikia kwa hofu: kwa nini raia wa Pemba asishindane kulenga shabaha kwa bunduki, kama washindanavyo askari? Twawajibu mbele ya wanachama wote, kwani swali ni la haki, na hofu nayo ni ya haki.

Hofu hiyo twaijua. Tarehe 27 Januari 2001 risasi zilipigwa Wete, Micheweni na kwingineko. Tume ya Serikali yenyewe ilisema walikufa watu 31, na wengine wapatao 2,000 walivuka bahari kukimbilia Shimoni. Katika nyumba nyingi za kisiwa hiki mlio wa bunduki haujapata kuitwa mchezo.

Hata hivyo, utazameni mpira. KMKM, JKU na KVZ ni timu za vikosi. Jamhuri ya Wete ni ya raia, nayo imekutana nazo kwa sheria moja na refa mmoja. Shabaha imo katika michezo ya majeshi yetu, lakini sisi raia wa Jadida hatuna hata kiwanja cha kujifunzia. Kule Bisley, Uingereza, tangu mwaka 1890 raia na askari hulala kifudifudi bega kwa bega, wakilenga hadi yadi 1,000. Jamaa zetu wa Oman nao wanayo mashindano yao ya jadi. Na kazi yenyewe si ya mabavu: ni pumzi, subira na kuusoma upepo. Mvuvi wetu aijuaye kusi kwa shavu lake hangekuwa mgeni pale.

Lakini tusidanganyane. Aliyewaua Waislamu 51 misikitini Christchurch, tarehe 15 Machi 2019, alikuwa mwanachama wa klabu ya shabaha. Haukupita mwezi, Bunge la New Zealand likapiga marufuku bunduki nyingi za mtindo wa kijeshi zinazojipakia zenyewe. Uingereza ilikwisha kuzikataza mwaka 1988, baada ya watu 16 kuuawa Hungerford mwaka uliotangulia, na mashindano ya Bisley hayakufa. Yaliendelea kwa bunduki ambayo mpigaji huvuta komeo kwa kila risasi. Basi asije mtu akatuambia kwamba mchezo huu hauwezi kuwapo bila ya silaha ya vita.

Twadai uwanja, wala hatudai bunduki majumbani. Silaha zilale ghalani chini ya kufuli mbili, na kila risasi iandikwe inapotoka na inapopigwa. Mwenye kutaka kujiunga achunguzwe mwenendo na akili yake, asiulizwe kadi ya chama. Hapo ndipo penye shaka yetu kubwa. Lango likifunguliwa kwa wenye kadi ya rangi moja tu, huo hautakuwa mchezo bali kikosi kingine, na sisi tuandikao haya tutakuwa wa kwanza kuupinga, hata kama vijana wetu watanung'unika.

Kabla ya kupeleka dai hili popote, twaliomba tawi lilijadili. Wajane na mayatima wa mwaka 2001 wapewe nafasi ya kusema kwanza, na vijana wasubiri zamu yao.