Mtoto Hakuja Mikono Mitupu

Nyumba ikipokea mtoto wa mwaka mmoja au miwili aliyeasiliwa kutoka nchi ya mbali, washauri hawaadimiki. Wengi husema kwa nia njema, lakini baadhi ya maneno yao yakifuatwa humuumiza mtoto na kuwachanganya wazazi. Tuyachukue moja moja.

“Bado mdogo, hakumbuki kitu.” Visa hatavikumbuka, ni kweli. Ubongo wake, hata hivyo, umeshajifunza mengi. Mwaka 2014 watafiti wa Montreal, Kanada, walitoa matokeo ya kuwapima wasichana waliozaliwa China, wakaasiliwa wakiwa na umri wa mwaka mmoja hivi na kukua wakizungumza Kifaransa pekee. Waliposikilizishwa toni za Kichina, lugha wasiyoielewa tena, ubongo wao uliitikia sawa na wa wasichana wanaokizungumza Kichina hadi leo. Ikiwa lugha iliyosahaulika huacha alama namna hiyo, njaa na kutenganishwa na mlezi vitakosaje?

Ndiyo maana mtoto aliyetoka katika kituo cha kulelea watoto anaweza kushiba wali, kisha akaondoka mezani na kipande cha mkate ngumini. Asubuhi unakikuta chini ya mto, kimekauka. Huo si ulafi wala wizi. Usimnyang’anye. Muwekee ndizi mahali anapofika mwenyewe, aone siku baada ya siku kwamba chakula hakiishi.

“Anakwenda kwa kila mtu, ameshazoea.” Mtoto wa umri huo aliyelelewa na mamaye kwa kawaida humwogopa mgeni na kujificha nyuma ya kanga. Anayemrukia kila aingiaye mlangoni huenda bado hajajua nani ni wake. Kituoni walezi hupokezana zamu, naye amejifunza kuchangamkia yeyote aliye karibu. Kwa sababu hiyo wataalamu huwashauri wazazi kwamba katika miezi ya mwanzo wao wenyewe ndio wamlishe, wamwogeshe na kumlaza. Kwetu, ambako mtoto ni wa wote, ushauri huo huonekana majivuno. Shangazi anayetaka kusaidia basi apike na kufua, mama apate wasaa wa kumbeba mwanawe.

“Upendo unatosha.” Baada ya utawala wa dikteta Ceaușescu kuanguka nchini Romania mwaka 1989, watoto wengi wa vituo vya huko waliasiliwa ng’ambo. Nchini Uingereza, mtafiti Michael Rutter na wenzake waliwafuatilia 165 kati ya watoto wa Romania walioasiliwa huko, hadi utu uzima. Walioondoka vituoni kabla ya kutimiza miezi sita walikua karibu sawa na watoto wa Uingereza walioasiliwa humo humo nchini. Kati ya waliokaa zaidi, wengi walibaki na matatizo ya umakini na ya kuhusiana na watu, ingawa walipendwa vilevile. Lakini kama mmoja kati ya watano hakuonyesha tatizo lolote. Kwa hiyo upendo ni wa lazima, ila uandamane na daktari, mtaalamu wa lugha na subira. Wanaotabiri kwamba mtoto “ameshaharibika” nao hawana hoja.

“Ni yatima, mmemwokoa, asikumbushwe kwao.” Si kila anayeandikwa yatima ni yatima. Machi 2025, tume ya ukweli ya Korea Kusini ilieleza kwamba kumbukumbu za walioasiliwa ng’ambo zilighushiwa na watoto wenye wazazi wakaandikishwa kuwa hawana. Septemba 2013, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilisimamisha vibali vya kuwatoa nchini watoto walioasiliwa, ikitaja hofu ya nyaraka bandia. Wapo waliokuwa wameshapata wazazi kisheria wakakwama kwa miaka. Ethiopia ilipiga marufuku wageni kuasili Januari 2018. Mzazi anayejua hayo hatamdai mtoto shukrani. Atahifadhi kila karatasi na picha, atalidumisha jina alilokuja nalo, na atatafuta watu wa nchi hiyo walio karibu ili mtoto akue akiwaona wanaofanana naye. Akiuliza habari za mama aliyemzaa, ajibiwe ukweli kwa kadiri ya umri wake, hata kama jibu ni “hatujui”.

Wahenga walisema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Mimba hii aliilea mwingine. Waliompokea mtoto wameichukua kazi yenyewe, pamoja na ile miezi ambayo hawakuwapo. Anayetaka kuwasaidia aanze kwa kuwauliza wanahitaji nini.