Kichujio Hakirudishi Kilichopotea

Mwanafunzi wa fizikia huko Nangara, mjini Babati, aweza kuunda kichujio cha umeme kwa kipingamizi cha omu 1,600 na kapasita ya mikrofaradi 0.1. Mitetemo inayozidi takriban 1,000 kwa sekunde hufifishwa, na ya chini yake hupita. Lakini kichujio hakiwezi kurudisha sauti ambayo haikukiingia.

Utafiti wa matokeo ya tiba ya saratani ya mapafu una kanuni iyo hiyo. Mgonjwa wa Babati aliyetibiwa katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, asiporejea kliniki, haijulikani yu hai au amefariki. Tukiwahesabu waliorejea tu, tiba yaweza kuonekana bora kuliko ilivyo, kwa kuwa wafu hawahudhurii kliniki.

Richard Doll na Bradford Hill, walipoanza mwaka 1951 kuwafuatilia madaktari wa Uingereza, wavutao sigara na wasiovuta, walipata habari za vifo kutoka kwa wasajili. Kwa hiyo, kuandikisha kifo na sababu yake si ukarani mtupu, bali ni sehemu ya sayansi. Walimu hawana budi kuwazoeza vijana kuuliza mbele ya kila takwimu: nani hakuhesabiwa?