Mwalimu, Huyu ni Yupi?

Kwenye mazoezi ya kufundisha, mwanafunzi aliniletea nondo (mdudu, sio zile za UE) aliyemkamata kwenye nyasi. Nikajibu fasta: kiwavijeshi vamizi, yule aliyeripotiwa Afrika mwaka 2016. Nilibahatisha tu! Kiwavijeshi wetu wa siku zote naye akishakuwa nondo ni wa kahawia, mabawa ya nyuma meupe. Wataalamu huwatofautisha kwa hadubini, tena kwa viungo vya uzazi. Ningemwambia alete kiwavi. Vamizi ana madoa manne yaliyojipanga mraba karibu na mkia, na hujificha katikati ya majani machanga ya mahindi, kwa hiyo dawa lazima ifike humo. Wetu hutembea kwa makundi, anafyeka malisho waziwazi.

Chuoni tunapewa maksi kwa kujibu, sio kwa kusema "ngoja nikaangalie". Wazazi wa yule mtoto wanalima mahindi. Jibu langu alienda nalo nyumbani.