Gari lisilo na dereva na dhamana ya roho ya mtu

Katika zama zetu mwanadamu ameunda gari lenye kujiendesha lenyewe. Kamera, rada na miale ya leza ndiyo macho yake, na kompyuta ndiyo inayoamua lini liende na lini lisimame. Wapo wanaolishangilia na wapo wanaoliogopa. Sisi tunaona kuwa kabla ya yote hayo lipo swali moja la kujibiwa: gari hilo likitoa roho ya mtu, ni nani mwenye dhamana?

Yafaa tuseme haki. Wanaolitetea wana hoja nzito. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 1.19 walikufa kwa ajali za barabarani, na kwamba ajali hizo ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Kompyuta hailewi, haisinzii wala haishindani na dereva mwenzake. Chombo kitakachopunguza misiba hiyo hakistahili kukataliwa kwa sababu tu ni kigeni machoni petu.

Hata hivyo, tuzingatie yaliyotokea usiku wa tarehe 18 Machi 2018 mjini Tempe, katika jimbo la Arizona, Marekani. Gari la majaribio la kampuni ya Uber lilimgonga na kumwua mwanamke aliyekuwa akivuka barabara huku akikokota baiskeli. Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya nchi hiyo ilikamilisha uchunguzi wake mwaka 2019, ikabainisha kuwa vyombo vya gari vilimtambua sekunde 5.6 kabla ya kumgonga. Muda huo ulitosha kufunga breki. Lakini programu ilimdhania mara gari, mara baiskeli, mara kitu kisichojulikana, kwa kuwa haikutengenezwa kumtarajia mtu avukaye pasipo na kivuko. Breki ya dharura iliyotoka na gari kiwandani ilizimwa kila kompyuta ilipokuwa ikiendesha. Naye msimamizi aliyeketi kwenye usukani alikuwa ameinamia simu yake.

Bodi ilisema kuwa sababu kuu ni uzembe wa msimamizi huyo, lakini pia iliilaumu kampuni kwa kutojali vya kutosha usalama, na jimbo kwa usimamizi hafifu. Kampuni ilipatana na familia ya marehemu nje ya mahakama, na mwendesha mashtaka akaamua kuwa haina kesi ya jinai. Aliyefikishwa mahakamani ni msimamizi peke yake; mwaka 2023 alikiri kosa la kuhatarisha maisha, akawekwa chini ya uangalizi kwa miaka 3.

Watu hupenda kuuliza: gari likilazimika kuchagua, limgonge mzee au mtoto? Swali hilo lina uzito wake, lakini msiba wa Tempe haukutokana na uchaguzi wa namna hiyo. Ulitokana na maamuzi ya watu waliokaa ofisini mchana, mbali na barabara, wakaamua kipi kizimwe na kipi kisitarajiwe.

Wanazuoni wetu wa fiqhi walilijadili jambo la namna hii karne nyingi zilizopita, walipozungumzia mnyama aliyedhuru mtu: je, dhamana ni ya aliyempanda, ya anayemvuta kwa mbele, au ya anayemswaga kwa nyuma? Walitofautiana katika mambo mengi, lakini hawakuacha shauri likaishia kwa mnyama. Walimtafuta mtu. Nasi tumtafute mtu: aliyeunda, aliyemiliki, aliyeruhusu na aliyesimamia, kila mmoja kwa kadiri ya mamlaka yake, asije mtumishi wa mshahara akabeba peke yake mzigo wa mabwana zake.

Jambo hili haliko mbali nasi. Dubai, ambako ndugu zetu wengi wanafanya kazi na biashara, ilijiwekea mwaka 2016 lengo kwamba ifikapo 2030 robo ya safari zake ziwe za vyombo vinavyojiendesha. Siku yatakapofika kwetu, magari hayo yatakutana na barabara ambazo watoto, mikokoteni na bodaboda hupita popote, na vivuko ni vichache. Gari lisilomtarajia mtu nje ya kivuko litatutarajia vipi sisi?

Kwa hiyo tunatoa wito kwa watunga sheria: sheria itangulie gari. Itaje mwenye dhamana, idai majaribio katika barabara zetu kama zilivyo, na iwape wachunguzi haki ya kufungua kumbukumbu za kompyuta kila roho inapopotea. Nanyi wazazi, magari yenye breki za kujifunga yameshaanza kuuzwa. Waambieni vijana wenu kwamba hicho ni kisaidizi tu. Mwenye usukani bado ndiye mwenye kuulizwa.