Ngong bila masaisi ni hadithi nusu

Nimechoka. Kila anayeandika juu ya uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, Nairobi, anakimbilia kwa Beryl Markham na West with the Night. Jamani, kitabu ni cha 1942. Uwanja ulifunguliwa 1954! Farasi aliowafundisha wakashinda pale hawamo humo. Na masaisi je, waliowapiga brashi alfajiri na kuwatembeza hadi jasho likauke? Huku Bugomora tunafuga ng'ombe, na anayemjua mnyama ni mchungaji, si tajiri wake. Kishindo cha kwato, kelele za jukwaani, dau la shilingi chache: utamu huo naukubali. Ila wachapishaji wa Nairobi, mtafuteni saisi mzee mmoja, mkae naye, aseme kwa Kiswahili chake.