Msiidai Disko Ujumbe

Katika darasa letu la fasihi kila kazi huulizwa swali moja: ujumbe wake ni nini? Juzi mwenzangu mmoja alisimama katika mjadala akasema kwamba disko wanayopiga madijei, hasa hii ya hausi, ni kelele tu, haifunzi kitu. Akapigiwa makofi. Mimi sikupiga.

Kwetu ni Bwera. Usiku wa tarehe 16 Juni 2023 waasi wa ADF walivamia shule ya sekondari ya Lhubiriha, pale Mpondwe, wakaua zaidi ya watu 40, wengi wao wanafunzi. Baada ya hapo ujumbe tuliupata wa kutosha. Wanasiasa walikuja nao, wahubiri walikuja nao, redio haikunyamaza. Lakini jua likizama kila mtu alikuwa amefunga mlango, na pikipiki ikisimama nje tuliacha kula.

Mwaka uliofuata dijei mmoja wa Kasese mjini alileta spika na jenereta katika ukumbi wa harusi. Alianza polepole, ngoma na besi tu. Hausi huenda kwa mapigo kama 120 kwa dakika, yaliyo sawasawa, hivyo hata asiyejua kucheza anajua mguu utue wapi. Aliingiza wimbo wa pili chini ya wa kwanza bila mapigo kukatika, akaondoa besi, akatuacha na kinanda peke yake, kisha akairudisha. Ilichukua karibu saa nzima kabla ya mikono kuanza kuinuka. Binamu yangu, ambaye hakuwa ametoka usiku tangu shambulio lile, alicheka kwa sauti. Alicheka bila kuambiwa neno lolote la faraja.

Walimu wangu, tunaposoma ngoma katika fasihi simulizi tunahesabu mdundo na miondoko kuwa sehemu ya kazi. Mbona ngoma ikipigwa kwa umeme tunadai maneno?

Tena muziki huu haukuzaliwa kwa watu wa raha. Hausi ilianzia Chicago, katika klabu ya Warehouse iliyofunguliwa 1977, ambako Frankie Knuckles aliwapigia vijana weusi na Walatino, wengi wao mashoga, waliobaguliwa kwingine. Tarehe 12 Julai 1979, katika mji huohuo, santuri za disko zilirundikwa uwanjani zikalipuliwa mbele ya maelfu ya watu. Kitu kisicho na maana hakilipuliwi, nadhani.

Mama yangu naye ana hoja yake: kucheza ni kuwasahau marehemu. Huyo namheshimu kuliko mwenzangu wa mjadala, na jibu kamili la kumpa sina. Ninachojua ni kwamba saa nane za usiku tulirudi nyumbani kwa miguu, watu kama ishirini, tukizungumza kwa sauti barabarani.